Maziwa ya Nkusi

Wewe uliyefungia maandazi gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, ngoja nikusimulie kwa maneno machache ulichokosa. Wengine mtuvumilie.

Gahongayire ana miaka sitini na tisa. Alilelewa Karagwe, akaimba jazi na soul katika kila hoteli yenye jukwaa kuanzia Nairobi mpaka Bujumbura, na mwaka huu anarekodi albamu yake ya mwisho. Ni ya mwisho kweli, si kama ya wale wanamuziki wanaoaga kila Krismasi. Mwezi ujao anapasuliwa koo, na daktari amemwambia wazi kwamba sauti huenda isirudi.

Mwaka 1985, Nairobi, mpiga saksafoni aitwaye Nkusi, kiongozi wa bendi na mchumba wake, alimrekodisha nyimbo nane kwa siku moja. Santuri ilipotoka, kwenye jalada palikuwa na picha ya msichana mwingine, Connie, amevaa gauni la kijani la Gahongayire mwenyewe. Jina lililoandikwa nalo lilikuwa la Connie. Gahongayire alipouliza, Nkusi alimjibu kwamba Connie anapendeza kwenye picha. Miezi miwili baadaye akamwoa huyo Connie.

Tangu hapo, Gahongayire akiuimba wimbo wake wa "Gauni la Kijani", uliokuwa kwenye santuri ile, watu humpigia makofi na kumwambia, mama, unamwiga Connie vizuri sana. Hebu jiweke mahali pake, miaka arobaini.

Basi wimbo wa kumi na moja, wa kufunga albamu, ndio huohuo, na safari hii Nkusi ametajwa ndani kwa jina. Bibi huyu anataka kitu kimoja tu: kabla koo halijapasuliwa, Nkusi akiri kwa kinywa chake mbele ya watu kwamba sauti ile ilikuwa ya nani. Tulimwacha katika studio ya Shema kule Kagugu, hedifoni masikioni, ameshavuta pumzi ya kuanza. Shema, fundi mitambo, akazima mashine.

"Mashine imekufa?" Gahongayire aliuliza.

"Mashine iko sawa," Shema alisema kutoka upande wa pili wa kioo. "Sori mama, nasema kwa heshima. Huu wimbo hatuwezi kurekodi."

"Kwa sababu gani?"

"Huyu Nkusi mwenye unamwimba, si ndiye alikupa inka?"

Gahongayire alivua hedifoni. Katika maisha yake amepewa ng'ombe mmoja tu, yule wa kahawia aliyeletwa mwaka jana nyumbani kwake Kicukiro, siku watu walipomfanyia sherehe ya kutimiza miaka hamsini jukwaani.

"Ng'ombe yule aliniletea Umuhoza, mtoto wa kaka yangu, akasema mtoaji hataki kutajwa."

"Umuhoza alikuwa mkono tu. Mimi nilikuwa nachukua video siku ile. Aliniambia niandike jina la Nkusi, mwenye kutoa inka. Halafu saa moja haijaisha akanipigia, ati futa. Nikafuta. Nilidhani ni mambo ya familia."

Akamwekea ile video kwenye kompyuta. Gahongayire akajiona anavyocheza na kitambaa begani, ng'ombe amesimama nyuma yake, na akajisikia akisema kwenye maikrofoni: "Sijui jina lako wewe uliyenipa ng'ombe huyu, na siulizi. Popote ulipo, nakuapia mbele ya hawa wote, mdomo huu hautakusema vibaya mpaka nizikwe."

Watu mia mbili wakapiga vigelegele.

Hapa kwetu Rwanda mtu aliyekupa ng'ombe humsemi vibaya, hata akukanyage. Ukimsema, hakuna atakayeuliza alikukosea nini. Watauliza wewe ulilelewa na nani. Ndiyo maana wenye akili huuliza kwanza ng'ombe katoka wapi, kisha wanaapa. Gahongayire, kwa furaha yake, alitanguliza kiapo.

"Zima hiyo," alimwambia Shema, akachukua mkoba wake.

Alipanda pikipiki kwa umri ule, kofia ya kukodi imemkaa upande, mpaka Kicukiro. Umuhoza alikuwa jikoni anachuja maziwa. Alipomwona shangazi yake mlangoni saa nane mchana, siku ya kurekodi, alijua.

"Masenge," alisema, na ndivyo wanavyomwita shangazi hapa. "Kaa kwanza."

"Sikai. Nani alileta ng'ombe?"

Umuhoza aliweka chujio chini. "Ni Connie alikuja. Alisema mzee iko na haya, hawezi kuja yeye mwenyewe. Ati anataka amani mbele ya kufa."

"Connie alikanyaga hapa. Kwenye nyumba yangu."

"Ulikuwa mazoezi."

"Na wewe ukapokea."

"Nilipokea. Masenge, umenilea hapa tangu nina miaka sita. Kila siku tunakula na Nkusi. Ugali na Nkusi, chai na Nkusi, Noheli na Nkusi. Nilichoka. Nikasema labda inka itamutoa kwa meza."

Maneno hayo yalimuuma Gahongayire, na yalimuuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Lakini hakuwa amepanda pikipiki kutoka Kagugu kuja kuumwa.

"Arudishwe leo hii."

"Haiwezekani. Imezaa."

"Najua amezaa. Arudishwe na ndama wake."

"Na bado," Umuhoza alisema, akatazama kikombe kilichokuwa mezani kimefunikwa kisahani.

Hapo Gahongayire akaelewa. Miezi mitatu, tangu ng'ombe azae, kila asubuhi kabla ya kwenda studio alikuwa anakunywa vikombe viwili vya maziwa ya moto kulainisha koo. Aliyasifia kwa Shema. Aliyasifia mpaka kwa daktari. Nyimbo kumi za albamu yake ya mwisho, albamu aliyoitunga ili imzike Nkusi akiwa hai, zote aliziimba kwa maziwa ya Nkusi.

Alikinyanyua kile kikombe akakipeleka mlangoni amwage uani. Mkono ukagoma. Maziwa hayamwagwi chini, hilo alifundishwa kabla hajafundishwa kusoma, na hasira yote aliyokuwa nayo haikutosha kumfanya asahau. Akarudi, akakiweka mezani, akakifunika.

Umuhoza alikuwa analia sasa. "Unisamehe, masenge."

"Wewe nitakushughulikia baadaye. Connie anataka nini kingine?"

"Kwitura. Ndama ni jike. Anasema mzee anatimiza miaka sabini na sita, tuilete Jumamosi kwao Kanombe, saa tisa. Wamealika watu."

Kwa msomaji wa ng'ambo ya mpaka: ng'ombe wa zawadi akizaa jike, unakuja siku unampelekea aliyekupa ndama kama shukrani. Watu hukaa, hunywa, na husikiliza. Huko ndiko kwitura.

Gahongayire alivuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kisha akatabasamu, na Umuhoza aliacha kulia kwa sababu tabasamu lile lilimtisha kuliko makelele.

"Siku ya kwitura anaongea nani?"

"Mwenye kuleta inka."

"Na nani ana ruhusa ya kumkatiza?"

"Hakuna."

"Basi kamwoshe ndama," Gahongayire alisema, akatoa simu akampigia Shema.

Shema alisikiliza mpango wote. Mwishoni akauliza, "Na kiapo je?"

"Niliapa kutomsema vibaya. Nikisimulia kilichotokea, nimemsema vibaya?"

"Mama, hiyo ni ya mawakili."

"Wimbo wa kumi na moja tutaurekodi Kanombe. Uje na maikrofoni zako nzuri, si zile za harusi."

"Lakini ulisema albamu yote iwe ya studio. Ulikataa hata kanisa."

"Basi ibebe studio uje nayo," alisema, akakata simu.

Jumamosi ilifika. Sitakuchosha na maturubai na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, umeona sherehe za kutosha. Jua tu kwamba watu walikuwa wengi: majirani, wanajeshi wastaafu, wazee wa kanisa, na wanamuziki wa zamani kama wanne ambao Gahongayire aliwatambua na wao wakajifanya kutazama ndege iliyokuwa inashuka uwanjani.

Nkusi alikaa mbele, ndani ya suti nyeusi iliyokuwa imemzidi. Alikonda, na ile mikono iliyokuwa ikicheza na saksafoni sasa ilikuwa inatetemeka magotini. Pembeni yake alikaa Connie, mvi zimesukwa vizuri, ana daftari dogo mapajani na kalamu. Gahongayire alidhani anaorodhesha zawadi. Ndivyo alivyo, alijisemea, hata leo anahesabu vya wenzake.

Alimwendea Nkusi wakakumbatiana kama desturi inavyotaka, na alipokuwa karibu na sikio lake akamnong'oneza, "Leo utasema."

Nkusi akajibu kwa sauti kubwa iliyofika mpaka turubai la mwisho. "Asante, Gaho. Karibu sana. Voilà, umefika nyumbani."

Watu wakapiga makofi. Gahongayire alihisi damu inampanda kichwani. Alikuwa amejiandaa kwa Nkusi mwenye hofu, hata kwa Nkusi mwenye kiburi, lakini huyu wa kumdhihaki mbele ya watu hakumtegemea. Akasema moyoni, nilikuwa nitakupunguzia beti moja. Sasa utazila zote.

Mtu mmoja alimtajia ndama majina ya sifa, kama inavyotakiwa. Umuhoza akaleta kamba, Gahongayire akaiweka mkononi mwa Nkusi. Kisha akapewa nafasi ya kuongea. Shema, aliyekuwa amechomeka mitambo yake pembeni, hedifoni kichwani, alimwonyesha kidole gumba.

"Nimeleta shukrani," Gahongayire alianza. "Niliapa kwamba sitamsema vibaya aliyenipa ng'ombe, na sitamsema. Lakini kabla ya ng'ombe kuna kitu alikichukua kwangu Nairobi, na mimi kuongea sijui. Najua kuimba."

Akaimba bila gitaa, bila ngoma.

Mwanzoni watu walimfuatisha kwa furaha, kwa kuwa nani asiyejua "Gauni la Kijani". Kufikia ubeti wa pili sauti zao zilianza kupungua, moja moja. Wanamuziki wale wanne waliinamisha vichwa. Mama mmoja wa kanisa, aliyecheza wimbo ule kwenye harusi yake, alimtazama Connie, akamtazama Gahongayire, akaziba mdomo kwa kiganja. Sauti ilikuwa imezeeka, lakini ilikuwa ileile ya kwenye santuri, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Gahongayire aliona yote hayo, na acha niseme ukweli, alifurahi. Akafika kwenye ubeti wa mwisho, ule aliouandika kwa ajili ya siku hii.

*Nkusi, watu wako wamekaa,*
*waambie leo bila kuficha,*
*aliyevaa gauni ni nani,*
*na aliyeimba ni nani.*

Turubai zima likamgeukia Nkusi.

Nkusi alikuwa anatabasamu. Alitabasamu kama baba wa bibi harusi, akainua mikono yake, akapiga makofi peke yake. "Vizuri sana," alisema kwa ile sauti kubwa. "Siku zote uliimba vizuri, Gaho."

Hakuna mwingine aliyepiga makofi. Shema aliacha mitambo yake, akaja haraka mpaka alipo Gahongayire, akainama.

"Mama. Mzee hasikii."

"Anajifanya."

"Hasikii kabisa. Huyu jirani ameniambia sasa hivi. Ni miaka ine masikio yalikufa. Yule mama ndiye anamwandikia."

Gahongayire aliligeukia lile daftari lililokuwa mapajani mwa Connie.

Miaka arobaini alikuwa ananoa maneno yake. Ameyabeba hoteli hadi hoteli, akayalaza kitandani pake, akamlelea mtoto wa watu juu yake. Na siku aliyoyatoa, masikio yalikuwa yameshafungwa miaka minne kabla. Alitaka kulia, na hasira haikumpa nafasi. Aliona kama ameibiwa tena, safari hii hata kisasi.

Akamsogelea Connie. Hawakuwa wamesemezana tangu Nairobi.

"Mwandikie," alisema.

"Niandike nini, Gaho?"

"Nilichoimba. Neno kwa neno, mbele ya watu hawa wote."

Connie alifungua daftari. Aliandika mstari, akatulia, akaandika mwingine. Akamaliza, akamwekea mumewe magotini.

Nkusi alivaa miwani. Alisoma polepole, midomo ikicheza, akarudia tena kutoka mwanzo. Mabega yakaanza kumtikisika, machozi yakashuka mpaka kwenye kola ya shati. Akajaribu kusimama, akashindwa, basi akashika mikono yote miwili ya Gahongayire akaiweka kwenye paji la uso wake.

"Urakoze," alisema. "Urakoze cyane, Gaho. Niliogopa utakataa. Sasa naweza kwenda."

Watu hawakujua kilichoandikwa. Waliona tu mzee analia na mikono ya mwimbaji iko usoni pake, kina mama wakaanza vigelegele. Umuhoza naye alikuwa analia, akidhani amani aliyoipokea kwa siri imefika mchana kweupe.

Kwa muda mfupi hata Gahongayire alidhani ameshinda. Kisha akajiuliza, utakataa nini? Mtu aliyeulizwa swali hashukuru. Akaivuta mikono yake, akalichukua daftari.

Mwandiko wa Connie ulikuwa mzuri, wa kishule. Mistari miwili tu.

*Gaho anasema amekusamehe yote.*
*Anasema wimbo ule ni wetu sisi watatu.*

Gahongayire aliisoma mara mbili. Kwa mara ya pili katika maisha yake, Connie alikuwa amesimama mbele ya watu akaitwaa sauti ya Gahongayire, na kwa mara ya pili watu walikuwa wanashangilia.

Connie alisogea akamshika kiwiko. Aliongea chini sana, kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Wiki mbili, Gaho. Daktari amesema hazizidi. Mwache aende hivi. Akishazikwa mimi nitasema kila kitu, kwa redio, kwa gazeti, popote utataka. Nakuapia."

"Na gauni uliniambia unaazima siku moja."

Connie aliachia kiwiko.

"Nipe kalamu," Gahongayire alisema.

Connie aliificha nyuma ya mgongo wake, kama mtoto. Pembeni, kwenye mitambo ya Shema, taa nyekundu ilikuwa bado inawaka, hakuna aliyekumbuka kuizima. Kina mama wa nyuma waliendelea na vigelegele. Wa mbele walishaanza kunyamaza.

Aliyemaliza ubishi alikuwa Nkusi. Aliona Gahongayire amenyoosha mkono, akaelewa kwamba anataka kumwandikia mwenyewe, na uso wake ukafunguka kwa furaha. Akapeleka mkono nyuma ya mkewe, akaitoa kalamu taratibu katikati ya vidole vyake. Akampa Gahongayire kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa anayemheshimu.

Kisha akalifungua daftari kwenye ukurasa mweupe, akalilaza juu ya magoti yake, akafuta miwani kwa ncha ya koti, akaivaa, akasubiri kusoma.